Marehemu Apiga Kafi

Siku Hiribae alipomwona Ailsa Rennie kwa mara ya kwanza, Garsen nzima ilikuwa imejazana stendi, kwa kuwa ndipo palipobaki pakavu. Mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara zote. Ng'ombe wa Waorma walisimama kati ya mabasi yasiyokwenda popote, na akina mama wa kijiji cha Idsowe waliketi juu ya magodoro yao wakisubiri unga wa msaada. Katikati yao alikuwa mwanamke wa Kizungu, koti la mvua la manjano, viatu vya mpira hadi magotini, nywele nyekundu zimemganda shingoni, akiipiga makofi redio-kaseti yake kama mtu anayemwamsha mlevi.

"Ukiendelea hivyo itakuchukia," Hiribae alimwambia kwa Kiingereza cha shule.

"Imeshanichukia. Kila kinachotoa muziki kinanichukia siku hizi."

Hiribae alikuwa na kibanda cha kurekodi na kuuza kaseti. Aliifungua redio ile, akaipangusa kwa spiriti, akaiweka kando ya jiko mpaka ikaimba. Ailsa naye, akingoja, alisimulia maisha yake bila kuulizwa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, Uskoti nzima iliimba nyimbo zake, na wasichana wa Glasgow walikata nywele kama yeye. Sasa alikuwa akiimba kwenye ufunguzi wa maduka, watu wakimpita na vikapu vyao. Meneja wake, bwana mmoja aitwaye Colin, ndiye aliyempa wazo la kuja na ndege ya msaada, apigwe picha amebeba mahindi, arudi nyumbani akiwa na huruma usoni. Alisema hayo akicheka, na Hiribae akampenda hapohapo. Mapenzi hayana akili, na ya kijana huyu yalikuwa hayana hata kidogo.

Ndege haikurudi upesi, uwanja ulikuwa tope tupu. Ailsa alikaa. Alivaa leso za mama yake Hiribae, akala wali kwa samaki na kujifunza Kiswahili mlangoni pa kibanda mbele ya wateja.

"Sema, nakupenda."

"Nakupenda."

"Sasa sema bila kunitazama kama mtu aliyevunja sahani."

"Nakupenda, fundi wewe," akasema, na wateja wakaangua kicheko. Kiswahili chake kikanyooka haraka kuliko barabara.

Kisha maji yakapanda tena. Hiribae akachukua mtumbwi wa mjomba wake kwenda kuwatoa watu kijiji cha Ozi, akakwama huko. Simu zilikuwa zimekatika. Mtu mmoja akaleta habari mjini kuwa mtumbwi umeonekana umepinduka, hauna mtu. Ulikuwa wa mwingine, lakini siku ileile ndege ikatua, na Ailsa akapandishwa akilia hadi akashindwa kufunga mkanda. Machozi hayo yalikuwa ya kweli. Tumpe haki yake, maana hatutampa nyingine.

Miezi ikapita. Hiribae, aliyerudi mzima maji yalipopungua, alimwandikia Ailsa, hakujibiwa. Barua za Garsen mwaka ule zilisafiri zikipenda. Siku moja redio ikapiga wimbo wa Kizungu mtamu unaouma, na mtangazaji akaeleza kuwa umeshika nafasi ya kwanza Uingereza. Kwamba Ailsa Rennie, nyota aliyekuwa amesahaulika, ameutunga kumlilia mpenzi wake, Hiribae wa Garsen, aliyezama mafurikoni. Kabla ya jua kugeuka, shangazi na wajomba waliokuwa hawajamwona tangu mafuriko wakaingia kutoka Idsowe wakilia kwa sauti, wakamkuta marehemu anakula ndizi.

Ingekuwa kichekesho kama si desturi ya ukoo wao. Kwao, mtu akiwekewa matanga naye yu hai, jina lake hulala. Hakuna anayeruhusiwa kumwita kwa jina hilo, hata mama mzazi, wala haozwi, mpaka aliyeanzisha kilio aje mwenyewe, amwite mbele ya watu na kumpa maji anywe. Mama yake, Truphena, alilifuata hilo bila kupepesa. Tangu siku hiyo alimwita "mgeni". "Mgeni, chakula tayari." Wateja walimwita "wewe wa kaseti". Hiribae alicheka wiki ya kwanza, kisha akaacha kucheka.

Laini zilipotengenezwa, akaipata namba ya ofisi ya Colin, akapiga kwa simu ya kibandani.

"Ailsa, ni mimi. Sikuzama, mpenzi wangu."

Ailsa alipiga ukelele, akalia, akacheka, akamwita kwa kila jina tamu alilojifunza mlangoni pale. Halafu akashusha sauti.

"Umemwambia nani?" akauliza.

Hiribae alijibu kuwa mji mzima unajua yu hai, kisha akamweleza habari ya jina na maji. Ailsa akasema atakuja. Kuna watu watamfuata na kamera, wanataka kupiga filamu ya wimbo mtoni, lakini hilo ni jambo dogo. "Nitakuita mbele ya wote," akasema. "Nitakupa maji kwa mkono wangu, na baada ya hapo utanioa. Umesikia?" Hiribae alisikia. Alishona suruali mpya.

Akaja kweli, mwembamba kuliko zamani, gauni refu jeusi, kucha zimepakwa rangi. Alimkumbatia nyuma ya kibanda, haraka, akiangalia mlango. Alimwomba yeye ndiye apige kafi mtumbwini kwenye filamu, ili wawe karibu. Hiribae alifurahi, akadhani ndivyo alivyopanga: kwamba watakapokuwa mtoni, watu wote wakiangalia, ndipo atakapomwita.

Watu walijaa ukingoni, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, wote kimya kama desturi inavyotaka, wakingoja jina. Truphena alisimama mbele akiwa na kikombe cha maji. Kwenye mtumbwi Ailsa alitupa maua majini na kuimba, na Hiribae akapiga kafi polepole, akisikiliza jinsi alivyokufa.

Mtumbwi ulipofika ukingoni, mwandishi mmoja wa Kizungu akainama. "Muulize mpiga kafi kama alimjua marehemu."

Ailsa alimgeukia Hiribae, akaeleza kwa Kiswahili, macho yake kwenye maji.

"Niite," Hiribae akasema. "Mama yangu hajanitaja tangu uliponiimba. Niite sasa hivi, Ailsa, niwe mtu tena. Mengine yote nimekusamehe."

Colin alikuwa nyuma ya kamera akitabasamu. Ailsa akamtazama Colin, kisha akamgeukia mwandishi.

"Anasema mto ulikuwa na nguvu sana siku hiyo," akatafsiri.

Mwandishi akatikisa kichwa kwa huzuni na kuandika. Hiribae, aliyekielewa Kiingereza chote hicho, akalilaza kafi mtumbwini. Truphena, asiyekielewa, alishuka akampa Ailsa kikombe. Ailsa alikishika. Kwa muda mfupi midomo yake ikafunguka, watu wote wakasogea mbele. Kamera nayo ikasogea. Akakiinamisha kikombe, akamwaga maji yale mtoni, taratibu, kwa ajili ya marehemu.

Truphena akachukua kikombe chake kitupu, akapanda nyumbani. Njiani alianza kulia, na safari hii hakuna aliyemzuia, kwa kuwa matanga yalikuwa yamekamilika.

Filamu ilipendwa. Ailsa akajaza kumbi, akapewa tuzo, akavaa nyeusi kila alipoimba wimbo ule. Mwaka uliofuata akapiga simu kibandani asubuhi moja, wateja wakiwa wamejaa, na Hiribae akaipokea. Alijua ni nani kabla hajasema, kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Hiribae," akasema, akilia. "Hiribae, nisamehe. Nimemwacha Colin. Nitawaambia wote, nitaimba nyingine. Hiribae wangu. Uko hapo? Hiribae."

Alilitaja jina lile tena na tena, kwa sauti kubwa, na hakuna mwingine pale kibandani aliyelisikia. Hiribae alisikiliza yote. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimchukiza.

"Umekosea namba, mama," akamjibu kwa Kiingereza safi, akaweka simu chini.

"Nani huyo, wewe wa kaseti?" mteja mmoja akauliza.

"Mtu anamtafuta marehemu," akasema, akamgeuzia kaseti yake upande wa pili.