Mama Kola na Gauni Zima

Asubuhi Mama Kola alifagia ukumbi, akachemsha chai, akamsindikiza bintiye mpaka mlangoni, kisha akakaa. Kukaa kwenyewe ndiko kulikomchosha. Kwa miaka kumi na minne saa hizi alikuwa amekwisha fika kazini. Sasa kiwanda cha mashati kilikuwa kimefungwa, na watu mia mbili walikuwa wamemwaga unga kwa siku moja.

Jina la Mama Kola alipewa kiwandani, na lilimfaa. Mle ndani mmoja alishona mikono, mwingine mifuko, mwingine vifungo. Yeye alishona kola. Kola tu, tangu king'ora cha kuingia mpaka cha kutoka. Ungemfumba macho, angekushonea kola iliyonyooka. Lakini ungempa kitambaa ukamwambia, "Nishonee shati," angekutumbulia macho.

Nyumbani walijua anashona kola, lakini kwamba hajui kingine hakulisema. Mumewe, fundi rangi, aliwatambia watu kwamba mke wake ni fundi cherehani. Majirani wakaanza kuja na vitambaa. Mama Kola hakukosa udhuru: mara mgongo unauma, mara sindano imekatika. Bintiye alipohitaji gauni la shule, maji yalimfika shingoni. Akaenda kimyakimya kwa fundi wa mtaa wa pili, akamshonesha. Kwa aibu hakulitazama mara mbili. Alilitoa kwenye mfuko, akamvisha mtoto harakaharaka.

"Bibi, tazama. Mama amenishonea," mtoto akasema.

Mama mkwe, ambaye aliishi nao, alilitazama gauni lile kwa muda. Akasema limependeza, akarudi kwenye chai yake.

Jirani yao alikuwa karani wa ofisi ya kazi. Jumamosi moja alikuja kurudisha ngazi aliyoiazima kwa fundi rangi. Akawaambia kuna mafunzo ya kushona ya miezi minne, kwa watu waliopoteza kazi. Yanaendeshwa na kampuni binafsi, na mwanafunzi halipi kitu.

Mama Kola akakunja uso. "Kampuni ya mtu binafsi inifundishe bure? Ina shida gani na mimi?"

"Si bure, shemeji," karani akacheka. "Serikali ndiyo inayolipa. Wewe tu ndiye hulipi."

Akaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuulizwa swali lile. Kampuni hailipwi yote kwa mkupuo. Hulipwa kidogo mafunzo yanapoanza, na kidogo wanafunzi wanapofaulu. Sehemu kubwa huipata mwanafunzi akishakaa kazini miezi sita.

"Kwa hiyo ukikwama wewe, nao wamekwama," akasema. Akamwonya pia kwamba mtu akimdai ada ya kujiandikisha, huyo ni tapeli. Orodha ya kampuni zilizokubaliwa imebandikwa ofisini kwao, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma.

Mama Kola alikwenda, akaisoma, akachukua fomu. Mambo yalikuwa mepesi mpaka alipofika kwenye swali moja: "Unajua kushona nini?" Kalamu ikasimama. Akawaza, nikiandika kola tu, watanicheka na kunirudisha nyumbani. Basi akaandika: Kila kitu.

Ukumbi wa mafunzo ulimfurahisha. Vyerehani vilitiwa mafuta kila asubuhi, na taa zilikuwa nyingi. Ni saini tu zilizowachosha. Unasaini ukiingia, unasaini ukitoka, unasaini hata ukipewa sindano. Wanafunzi walitaniana kwamba watahitimu wakiwa mafundi wa saini.

Wanaoanza walikaa upande wa dirishani. Mama Kola, aliyejua kila kitu, aliwekwa upande wa mafundi. Siku ya pili akapewa kitambaa akate shati. Asubuhi nzima alichonga chaki. Mchana akajikaza, akakata, akashona. Mkono wa kulia ukakaa kushoto. Mwenzake wa pembeni akaliona shati lile, akafunika mdomo.

Kesho yake Mama Kola hakwenda. Nyumbani alisema kichwa kinamgonga. Siku iliyofuata kichwa kikaendelea kugonga. Jioni simu ikalia. Alikuwa mkufunzi.

"Mama, kesho ni siku ya tatu," akasema. "Ukikosa siku tatu bila sababu, nafasi yako anapewa mwingine, na wapo wengi wanaoingoja. Mimi sipendi uipoteze. Njoo, hata kama una neno zito la kuniambia."

Mama Kola alikaa na simu mkononi. Alijua nafasi ile ikienda, hana nyingine. Alimfikiria mumewe anayemtambia, akamfikiria bintiye. Akapiga moyo konde.

Asubuhi alifika kabla ya wenzake. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, tepu shingoni, anatia mafuta cherehani cha mwisho.

"Mwalimu, nilidanganya," Mama Kola akasema. "Mimi najua kola tu."

Mkufunzi hakugomba. Alichukua vipande viwili vya kitambaa, akamwambia ashone kola. Mama Kola akakaa. Mikono ikajua la kufanya. Muda mfupi tu, kola ilikuwa mezani. Mkufunzi akapima ncha zake kwa tepu, upande huu na upande ule. Zililingana sawasawa.

"Nimefundisha miaka tisa na sijaona ncha kama hizi," akasema. "Sasa sikiliza. Ile fomu haikuwa mtihani. Tuliuliza unachojua ili tujue pa kuanzia. Ukatuandikia kila kitu, tukaanzia mwisho."

Akaichukua fomu, wakafuta pamoja "Kila kitu", wakaandika "Kola". Mama Kola akahamia dirishani. Hajapata kuona raha kama ile ya kukaa na watu wasiojua kitu na kuwa mmoja wao.

Alijifunza kupima, kukata, kuunga mikono na kupiga pindo. Pale alipokwama, mkufunzi alibaki naye saa za chakula. Wakati huohuo watu wa kampuni walizunguka kwenye karakana kuuliza nani anahitaji fundi. Karakana moja ya viti vya mabasi ilisema wafanyakazi wake wanashindwa na kona za viti. Kitambaa kinajikunja. Mkufunzi akatabasamu, akampeleka Mama Kola. Kona ya kiti hugeuzwa vilevile kama ncha ya kola, ila ni kubwa zaidi. Alishona kiti kimoja cha majaribio, na wiki iliyofuata akaanza kazi.

Kampuni haikumtupa. Mwezi wa kwanza mtu wao alikuja kuuliza kama amepewa mkataba wa maandishi. Mwezi wa tatu akaja tena. Wa sita akaja mkufunzi mwenyewe, akamkuta anamwelekeza mwenzake namna ya kugeuza kona. Ndiyo, wana faida yao pale, na Mama Kola anaijua. Anawapenda hivyohivyo.

Katika likizo yake ya kwanza alinunua kitambaa, akamshonea bintiye gauni jipya la shule. Alilipima mwenyewe, akalikata mwenyewe, akashona kuanzia mabegani mpaka pindo. Kisha akampelekea mama mkwe. Alikuwa amekata shauri kusema ukweli.

Mama mkwe akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kola.

"Hili umelishona wewe," akasema.

"Lote, mama. Lakini lile la kwanza..."

"Lile la kwanza kola yake ilikwenda upande. Mtu aliyeshona kola miaka kumi na minne hawezi kushona ile. Nilijua siku ileile."

Macho ya Mama Kola yakajaa machozi. "Mbona hukusema, mama?"

Mama mkwe aliinua mto wa kitanda chake, akatoa kitambaa cha maua kilichokunjwa vizuri. Mikunjo yake ilikuwa imeshika, kama ya kitambaa kilichowekwa siku nyingi.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Haya, nipime."