Kombe Ndani ya Rejeta

Dubai hakuna barafu ila ya dukani. Wifi yangu Swafiya naye alikuwa akisema hivyohivyo, mpaka Jumamosi moja ya Januari 2015, saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, watu wa mtaa wa Al Nahda wameanika mablanketi yao kwenye roshani na watoto wanaendesha baiskeli chini ya jengo. Siku nzuri kabisa. Najla, mwanawe wa miezi tisa, alikuwa na sindano ya chanjo saa nne kwenye kliniki moja ya Oud Metha. Baba mtoto, Hashir, yuko zamu ya mizigo uwanja wa ndege, na huko simu huachwa kabatini. Basi Swafiya akasema ataendesha mwenyewe. Leseni aliipata mara ya tano, baada ya kuanguka mara nne, na hajawahi kuendesha peke yake na mtoto nyuma, lakini alijipa moyo, Oud Metha si mbali.

Gari walikuwa nalo wiki tatu. Hashir alilinunua Sharjah, kwenye yadi za magari yaliyotumika, limekuja na meli kutoka nchi za theluji. Karatasi zilisema wazi kwamba liliwahi kuingia maji. Maji gani, wapi, na nani alikuwamo, Hashir hakuuliza. Swafiya alipomuuliza yeye, alimcheka. Akasema gari limeingia maji, halikuingia kaburi. Siku ya pili tu akaifungulia ile kulanti ya kijani, dawa ya maji ya injini, iliyokuja nalo, akaimwaga yote, akajaza rejeta, lile tangi la kupozea injini, maji ya bomba, kama wanavyofanya wengi huku. Ile dawa ya kijani ni ya watu ambao maji yao huganda usiku. Huku yagande na nini?

Kitu kimoja tu hakikumpendeza Swafiya. Kiti cha nyuma, upande anaokaa mtoto, kilikuwa na ubaridi ambao hauondoki hata gari likae juani kutwa. Ukikigusa ni kama nguo ambayo mtu aliyelowa ameivua sasa hivi.

Na tangu gari lije, Najla akawa anashtuka usingizini. Analala vizuri, mara anakunja mikono, anatetemeka, analia. Swafiya akampigia mama yake, Bi Huda, kule Kibokoni, Mombasa, na Bi Huda hakuchelewa. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, akaandikiwa kombe, aya za kinga kwa wino wa zafarani kwenye karatasi, akampa msafiri wa Dubai. Ijumaa baada ya sala Swafiya akaliyeyusha kwa maji ya waridi, akamnywesha mtoto vijiko vitatu, bakuli likabaki nusu. Kombe halimwagwi ovyo mahali watu wanapopita, hilo kila mtoto wa pwani analijua. Sasa alipeleke wapi? Akashuka nalo, injini imepoa, akafungua rejeta, akamimina yote. Gari nalo lipate kinga. Akajiona mjanja kweli.

Usiku ule Najla alilala fofofo mpaka asubuhi, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Basi Jumamosi hiyo akamfunga mtoto kitini, akawasha. Mkanda wa injini ukapiga ukelele mrefu. Mshale wa joto ukaanza kupanda, dakika mbili hazijaisha uko kwenye wekundu, na hita aliyoifungua kuipunguzia injini joto ilipuliza hewa ya baridi usoni kama mlango wa friza. Injini inachemka na gari linapuliza baridi. Akazima haraka, akampigia Severin.

Severin ni fundi, mtu wa Makete kule Njombe, rafiki wa Hashir, anakaa jengo la pili. Alikuja na kandambili na mswaki mdomoni, na utani wake wa siku zote, kwamba shemeji hiyo leseni ya mara ya tano leo imeua gari ya watu. Akafungua boneti. Akashika mpira wa juu wa rejeta unaopitisha maji, akaubinya.

Ukalia ndani, kama mtu anatafuna sukari guru.

Utani ukaisha. Alitoa mswaki mdomoni. Akafungua kifuniko, akachungulia, akaingiza bisibisi, na wote wawili wakaisikia ikigonga: tok, tok. Ndani kulikuwa na barafu. Barafu ya manjano, rangi ya zafarani, imejaa mpaka juu. Severin akagusa paa la gari, lilikuwa la moto kwa jua. Akagusa rejeta tena, akaurudisha mkono.

"Kwetu Makete mwezi wa saba haya nayajua," akasema kwa sauti ya chini. "Malori ya viazi yanalala nje, asubuhi maji yameganda. Lakini kule umande wenyewe unaganda kwenye majani, shemeji. Huku sijaona."

Lakini fundi ni fundi. Akapata kazi, akashika kazi. Akamwambia Swafiya asiwashe tena hata kidogo, pampu ya maji itavunjika. Na asimwage maji yanayochemka, chuma kilichoganda kikikutana na moto hupasuka. Barafu huyeyushwa polepole. Wakamwita mlinzi wa jengo, wakalisukuma gari, ambalo pua yake ilikuwa kivulini, hadi katikati ya jua, Swafiya akaleta blanketi wakafunika boneti, kisha akawa anapanda na kushuka na ndoo ya maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto, Severin anayamwagia kwenye mipira kidogo kidogo na kuibinya kwa vidole. Mtoto kiunoni, Swafiya akaanza kutulia moyo. Jambo lina dawa. Saa nne watachelewa kidogo tu.

Mpira wa juu ukalainika. Severin akatabasamu, akasema khalas, tumemaliza, inakubali.

Najla, aliyekuwa akipiga kelele zake za "da da da" tangu asubuhi, akanyamaza.

Swafiya hakulitilia maanani. Watoto hunyamaza. Ndoo ya pili. Barafu kwenye rejeta ikaanza kulegea pembeni. Akahisi kitu baridi shingoni, akadhani ni maji yamemrukia. Ulikuwa mkono wa mwanawe. Akaubusu, akaupulizia. Akaufunika na ushungi. Ndoo ya tatu. Miguu nayo. Baridi ile ya nyama iliyotoka kwenye friji. Akamwangalia mtoto usoni. Macho wazi, yanatazama gari. Mdomo umeanza rangi ya zambarau.

Na kutoka ndani ya mipira, barafu inavyoyeyuka, ikatoka sauti. Severin aliisikia pia, maana aliacha kumwaga. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa taratibu. Inavuta, inapumzika. Inavuta, inapumzika. Kila mama anaijua sauti hiyo hata gizani.

Ilikuwa sauti ya mtoto anayenyonya.

Severin akakimbia barabarani kutafuta teksi. Swafiya akabaki, mtoto kifuani, jua la saa tano mgongoni. Alimpigia mama yake. Akamweleza yote kwa pumzi moja, gari, barafu, Najla anakuwa baridi, mama, anakuwa baridi na kuna jua. Bi Huda hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, kombe lililobaki alilipeleka wapi.

Swafiya akasema.



"Lilikishika kilichokuja na hilo gari," Bi Huda akanong'ona. "Humo humo garini lilikishika, mwanangu, ndiyo maana mtoto alilala. Nanyi mmekifungulia."

"Nifanye nini, mama?"

"Kigandishe. Kirudi kilale. Na usimtoe mtoto hapo kabla hakijarudi, kitatoka naye."

Teksi ikafika, mlango ukafunguliwa, Severin anasema yalla shemeji, twende, hospitali. Swafiya akagoma. Akamwambia akanunue barafu. Barafu yote ya dukani, na chumvi. Severin alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerukwa na akili, lakini aliisikia ile sauti yeye mwenyewe, na bado ilikuwa ikivuta. Akaenda. Dereva akasubiri kidogo, akawatazama, akaondoka.

Severin alirudi na mifuko kumi na moja kwenye toroli la duka. Wakalitupa blanketi. Wakapasua mifuko, wakairundika juu ya rejeta, chini ya mipira, kila tundu, na Swafiya akawa anatia chumvi kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya utotoni wakigandisha barafu za ukwaju za kuuza, maana barafu ikipata chumvi huuma zaidi. Mkono mmoja chumvi, mkono mmoja mtoto. Vidole vilikufa ganzi. Hakuacha.

Severin akasema kwa upole kwamba bloku ya injini itapasuka, gari litakufa.

"Life," akasema Swafiya.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Najla hakuwa akitetemeka tena, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kifua kilipanda. Kikakaa. Kikashuka. Swafiya alifungua vifungo vya baibui, akamweka ngozi kwa ngozi, akahisi ubaridi ukimwingia mpaka mbavuni. Akamtaja Mungu. Akalitaja jina la mtoto. Akamwambia kile kitu pia, kwa kunong'ona, akakisihi kama anavyosihi mama yeyote: mwanangu ni mmoja, nina huyu tu, rudi ulale, rudi.

Kifua hakikupanda.

Severin akabinya mpira. Ukalia. Kama sukari guru.

Sauti ya kunyonya ikapungua. Ikavuta. Ikakaa muda mrefu. Ikavuta tena, mara moja, kwa uvivu, kama mtoto anayepitiwa na usingizi ziwa likiwa bado mdomoni. Kisha ikaacha. Na ndani ya injini chuma kikapasuka, paa, mlio mmoja mkavu uliorudi kwenye kuta za majengo.

Najla akavuta hewa, akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha moto. Swafiya akakaa chini palepale kwenye maji na chumvi, akalia naye.

Oud Metha walifika saa tisa, kwa teksi. Daktari alimpima mtoto kutoka utosini hadi unyayoni, hakuona kitu, akasema mama apumzike, amechoka. Jioni Hashir alirudi akalikuta gari limepasuka injini. Alifoka kidogo, kisha Severin akamchukua pembeni wakazungumza, na tangu hapo hakufoka tena. Jumatatu lori la magari mabovu likalibeba. Swafiya alimuuliza Hashir limewekwa wapi. Akamwambia Sharjah, yadi ya vyuma chakavu, uwanja wazi.

"Juani? Barafu si itayeyuka?"



Siku hizi Najla akinywa kombe lake, Swafiya humnywesha lote mpaka bakuli linakauka. Mtoto hakuumwa tena. Amenenepa, ameota meno, anacheka na kila mtu. Mwezi wa nane, jua la digrii arobaini na tano, Swafiya alikuwa kituo cha basi cha Al Nahda, kile kisicho na kipoza hewa, anamsubiri Hashir na mtoto amelala kwenye kigari. Jasho linamtiririka. Akainama kumfuta Najla uso, na Najla, usingizini, akapumua, na ukungu mweupe ukamtoka mdomoni, kama pumzi ya watu wa Makete asubuhi ya mwezi wa saba. Swafiya akaganda, mkono hewani.

Ukungu ukaisha. Kisha ukatoka mwingine, mdogo zaidi, pembeni, pale kwenye mto wa kigari ambapo hapakuwa na mtu.