Blanketi za Sufu kwa Zege la Daraja

Dulamsuren alimaliza kukamua, akachemsha chai ya maziwa, akatia chumvi, akampa mumewe bakuli. Gombojav aliinywa yote bila kuisifia. Mtu yule asiposifia chai, ujue kuna neno.

"Bei ya sufu imeanguka tena," alisema. "Theluji ikianza, naenda kusini, machimboni."

"Utarudi lini?"

"Sijui. Wenzangu waliokwenda, watoto wao wanawajua kwa simu tu."

Dulamsuren hakutaka mume wa simu. Alimtaka palepale hemani, hata kama anakoroma.

Asubuhi hiyo alikwenda makao ya wilaya kuuza siagi. Ukutani pa ofisi palikuwa na tangazo. Daraja jipya lilikuwa linajengwa mtoni kwa msaada wa serikali ya nchi ya mbali. Wajenzi walitafuta blanketi nene za sufu za kufunika zege, lisiharibiwe na baridi kabla ya kukomaa. Wauzaji wote walialikwa.

Alisoma mara mbili. Blanketi za sufu! Kazi hiyo aliijua tangu usichana. Unapiga sufu kwa fimbo, unailowesha, unaiviringisha kwenye mti, kisha farasi anaiburuta uwandani mpaka inashikamana na kuwa nene. Hema lake lote lilifunikwa kwa kazi ya mikono yake.

Basi akafanya kama walivyofanya wazazi wake. Kwao mtu haendi kuomba jambo mikono mitupu. Alichemsha mgongo wa kondoo na mkia wake wa mafuta, akaufunika kwa kitambaa cha hariri ya buluu, akaupeleka kwa ofisa wa manunuzi. Ofisa huyo alikuwa kijana mpole aitwaye Narmandakh.

"Karibu chai, dada," Narmandakh alisema. "Ila nyama hii urudi nayo."

"Ina kasoro gani? Kondoo amenona huyu!"

"Haina kasoro. Nikiipokea, blanketi zako hazitaangaliwa kabisa."

"Basi chukua mkia tu."

"Hata mkia, dada. Nisamehe."

Alirudi nyumbani uso umemwiva kwa aibu. Tangu lini mtu akakataa kondoo?

"Labda kakuona mchoyo," Gombojav alisema. "Ungempelekea farasi."

"Nyamaza wewe!"

Jirani yao, Tsendayush, alisikia kelele akaingia. Mama huyu aliwahi kutunza ghala la barabara iliyojengwa kwa msaada kama huu. Alipoelezwa mkasa, alikata kipande cha nyama, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mdogo wangu, kijana amekuokoa, nawe umemnunia."

"Kaniokoa na nini? Hebu niambie, mwenye kazi ni nani hasa?"

"Serikali ya nje imetoa fedha. Wizara yetu imetia saini. Kampuni ya nje inajenga. Kampuni ya hapa, anakofanya kazi kijana wako, inainunulia vifaa."

Kichwa kilimzunguka Dulamsuren. "Sasa nimbembeleze nani kati ya hao?"

"Usimbembeleze mtu."

"Biashara gani hiyo isiyo na kubembelezana?"

"Inaitwa zabuni. Fedha zile ni kodi za watu. Huko kwao yuko mama kama wewe anayekatwa kodi. Hataki kusikia kwamba kazi ilitolewa kwa mkia wa kondoo. Kila muuzaji anapimwa kwa kipimo kimoja: ubora, bei, na kama ataleta kwa wakati."

"Mimi sikutoa rushwa! Nilikwenda kwa adabu."

"Najua. Lakini anayekuchagulia kazi usimpe hata bakuli la maziwa. Wageni wa nyumbani ndio uwape."

"Basi nimeshaharibu. Gombojav ataondoka."

"Hujaharibu, kwa sababu alikataa. Kuna mkutano wa wauzaji. Nenda, uulize mbele ya wote. Jibu la mmoja ni jibu la wote."

Alikwenda pamoja na Tsendayush. Aliinuka, akauliza. Unene gani? Ngapi? Zipelekwe wapi? Narmandakh alijibu yote. Idadi ilipotajwa, Dulamsuren alikaa chini kama gunia. Peke yake asingezimaliza hata kwa miaka miwili.

"Rudi kwa kondoo wako, mama," mfanyabiashara mmoja wa mjini alimtania.

Kidogo arudi kweli. Tsendayush alimshika mkono. "Hukusikia? Kazi imegawanywa mafungu mawili. Na kikundi kinaruhusiwa, mradi kiwe kimesajiliwa."

Familia nne zikaungana na kujisajili wilayani. Walibishana siku nzima kuhusu bei. Dulamsuren alitaka kuweka ndogo sana ili washinde.

"Umehesabu chakula cha farasi? Usafiri? Jasho lenu?" Tsendayush alimkemea. "Ukiuza kwa hasara, utakachoshinda ni hasara."

Bahasha za bei zilifunguliwa mbele ya wauzaji wote. Kikundi kilipata fungu moja. Yule mfanyabiashara alipata la pili.

"Sasa tumeshinda au tumeshindwa?" Dulamsuren alinong'ona.

"Tumeshinda, mdogo wangu. Funga mdomo, nzi wataingia."

Uwanda ukajaa sufu, farasi na makelele. Gombojav aliendesha farasi mchana kutwa. Blanketi zilifika kabla ya siku iliyopangwa.

Baridi kali ilipoingia, nguzo ya mwisho ilimwagwa zege na kufunikwa. Asubuhi yake fundi alimwita Dulamsuren, akainua pembe ya blanketi. Mto ulikuwa umeganda kuwa barafu. Aliingiza mkono chini ya sufu, akagusa zege. Lilikuwa na joto.

Machozi yalimtoka. Bado hakuelewa vizuri kwa nini watu wasiomjua walipie daraja lake, wala kwa nini kampuni ziwe nyingi hivyo. Aliielewa nguzo ile.

Gombojav alikuja akisugua mikono. "Wamenipigia kutoka machimboni," alisema.

Dulamsuren aligeuka. "Ukawajibuje?"

"Nimewaambia siwezi. Nina kazi."

"Kazi gani?"

"Nimeajiriwa na mke wangu. Mkali kweli, na mshahara hajanilipa."