Kichupa cha Ndugu Mwema

Kichupa cha maji matupu kilitoa mstari. Kwa mtu wa nje hilo si jambo, lakini mle maabara, katika kambi ya kiangazi ya bioteknolojia huko Tainan, Mwalimu Hung aliukodolea macho mpaka miwani ikamteleza puani. Wanafunzi kumi na wawili wa sekondari walikuwa wamejikwangua ndani ya shavu kwa pamba, kila mmoja akatia vinasaba vyake katika kichupa chake, mashine ikavizidisha, na sasa kwenye bamba la jeli la kupimia, chini ya taa ya buluu, kila mmoja aliuona mstari wake. Kichupa cha kumi na tatu hakikuwa cha mtu. Kilitiwa maji safi tu, kiwe shahidi kwamba hakuna uchafu ulioingia. Hakikupaswa kuonyesha kitu.

"Nani kaandika hivi?" Mwalimu aliuliza, akakiinua. Juu ya kifuniko palikuwa na maneno mawili kwa wino mweusi: Ndugu Mwema.

Vicheko vikaanza. Lai Wan-jung, msichana wa miaka kumi na saba, akanyoosha mkono. Tuseme ukweli, msichana huyu alikuwa na mdomo. Asubuhi ile alikuwa amegombana na mdogo wake, Shao-chi, aliyekuja naye kambini, kwa kuwa kijana alimcheka mbele ya watu alipomwaga jeli. Wan-jung akaandika yale maneno kwa hasira, akakiinua kichupa, akasema wote wasikie: "Huyu ndiye ndugu yangu. Hana kelele, hana dharau. Wewe katafute dada mwingine."

Sasa lione kosa lake. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi ambao wafu wasio na wa kuwatunza hufunguliwa mlango watembee. Watu wa huko hawathubutu kuwaita mizimu. Huwaita ndugu wema, kwa adabu, wasije wakaudhika. Wan-jung aliyajua hayo tangu utotoni, lakini mzaha ulimkaa ulimini kuliko akili. Alikuwa amempa asiyeonekana jina, amempa nafasi kwenye foleni, na amemwita ndugu yake mbele ya mashahidi kumi.

"Uchafu umeingia," Mwalimu Hung alisema. "Tutarudia kesho."

Wakarudia, kwa vichupa vilevile. Mstari wa Ndugu Mwema uling'aa zaidi, na mstari wa Shao-chi ukafifia.

"Umekula nini wewe, mpaka vinasaba vinakukimbia?" Wan-jung alimtania.

Shao-chi alikuwa amejikunyata ndani ya koti, na nje jua la saa sita lilikuwa likiyeyusha lami. Wan-jung akamgusa mkono, akaurudisha wake haraka. Mkono wa kijana ulikuwa baridi.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, taa zilizimwa kama ilivyo desturi, na wanafunzi wote wakalaza vichwa mezani wapate usingizi wa nusu saa. Wan-jung hakupata hata lepe. Alisikia pipeti, kile kibomba cha kudondoshea matone, ikibonyezwa. Tik. Kimya. Tik. Akafumbua jicho moja, akahesabu vichwa, vyote vilikuwa chini. Ndipo ikamjia harufu ya karatasi za sadaka, zile wanazochomewa wafu, na nyuma yake harufu ya udongo uliolowa, humo ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na ile tik ikatoka kwenye sanduku la barafu la vichupa, ikapita meza ya kwanza, ikapita ya pili, ikaja taratibu kama mtu anayetafuta kiti chake gizani, ikasimama nyuma ya shingo yake, na sauti ya Shao-chi, ila laini, yenye heshima ambayo Shao-chi hakuwahi kuwa nayo, ikamnong'oneza sikioni: "Dada, nimetulia. Sina kelele. Tunakwenda nyumbani lini?"

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Mdogo wake alikuwa mbele yake, kichwa mezani, midomo imemgeuka rangi ya wino.

Walimwita, wakamtikisa, hakuamka. Mwalimu Hung akawatoa wenzao nje, akapiga simu, akakimbilia getini kulisubiri gari la wagonjwa. Aliyebaki na Wan-jung ni Shangazi Lien, mama wa usafi, aliyeingia na ndoo yake. Akamtazama kijana mara moja tu, akaiweka ndoo chini.

"Nipe koti lake," alisema. Akalifunga juu ya kikombe cha mchele wa sadaka alichokitoa ndooni, akakipitisha mara tatu juu ya kichwa cha kijana huku akilitaja jina lake. Alipofunua, mchele ulikuwa umebonyea upande mmoja. "Roho yake haijaenda mbali. Kuna mtu kamkalia nafasi. Mlimwita nani?"

Wan-jung akasema yote.

"Wewe mtoto, wewe," Shangazi alisema polepole. "Haya, jina ulimpa wewe, mnyang'anye wewe. Lifute. Mimi nitammwaga nje kwa moto na chakula, aende kwa heshima. Kichupa cha mdogo wako mtie mkononi. Wahi, anapoa huyu."

Wan-jung akalifungua sanduku la barafu. Vichupa viwili vilisimama ubavu kwa ubavu: Shao-chi, Ndugu Mwema. Akaikamata chupa ya spiriti, akalipulizia jina.

Kitu cha kwanza walichofundishwa siku ya kwanza ni kwamba spiriti hula wino. Alilikumbuka hilo alipoyaona majina yote mawili yakichuruzika pamoja juu ya barafu. Akavinyakua vichupa kuvifuta, na vilipokuwa viganjani mwake hakujua tena kipi kilitoka wapi.

"Kipi?" Shangazi aliuliza, kiberiti kikiwa tayari.

"Sijui."

"Wewe ndiye dada yake. Kipi?"

"Shangazi, sijui, vyote vinafanana." Alikuwa analia. Akavileta midomoni, akanong'ona: "Shao-chi, nisamehe. Nitukane. Nitukane kidogo tu, nikujue." Nje king'ora kilikuwa kinakaribia. Akakiona cha kulia kana kwamba kina joto, au labda ni kiganja chake mwenyewe. Akampa Shangazi cha kushoto, cha kulia akakitia mkononi mwa Shao-chi.

Moto uliwaka uani, maji ya kichupa yakamwagwa. Shao-chi akafumbua macho. Watu wa gari la wagonjwa wakampima, wakasema ni joto na uchovu tu.

Mama yao alifurahi mno wiki ile. Shao-chi aliosha vyombo bila kuagizwa. Alisalimia majirani. "Kambi hii imemtia mwanangu adabu," mama aliwaambia mashangazi kwenye simu.

Jumapili walikaa mezani, kuku wa kuchemsha na tangawizi. Wan-jung alimpiga mdogo wake teke chini ya meza. Akampiga la pili, kwa nguvu, kisha akanyoosha vijiti vyake akachukua paja la kuku ndani ya bakuli la kijana, mbele ya macho yake, akangoja. Alimwomba kimoyomoyo apige kelele.

Shao-chi alitabasamu. Akalisukuma bakuli lote upande wa dada yake, taratibu, bila kumwaga hata tone la mchuzi.

"Kula na hili, dada," alisema. "Mimi nimeshiba."