Chumba cha Shuka

Bajabulile Nxele alikuwa akiimba alipoanguka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua la kawaida, siku ya kubadilisha shuka katika wadi ya wanawake, na wagonjwa walioweza kukaa walikuwa wakinywa uji. Wimbo wenyewe ulikuwa wa harusi. Ulikatika katikati ya neno. Walipotoka kumwangalia walimkuta chali kwenye ujia, mbele ya mlango wa chumba cha shuka, kofia yake ya unesi ingali imekaa sawa kichwani.

Nasimulia haya kama nilivyoyapokea kutoka kwa mtoto wa ndugu yangu, Khombisile Myeni, aliyekuwa nesi katika wadi hiyo. Sehemu ya mwisho niliiona mwenyewe. Hospitali ilikuwa ya misheni, juu ya bonde la Mfolozi Nyeusi. Jina lake naliacha, maana waliomo leo sio waliokuwamo wakati ule. Majina ya watu nitayataja kama yalivyo. Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilijifunza kwamba mtu asiyetajwa vizuri huhukumiwa vibaya.

"Mwiteni dereva wa ambulensi," alisema nesi mwenzake, Zodwa Hadebe, huku akimpepea kwa aproni. "Aje aione kazi yake."

Wadi nzima ilicheka, wakidhani ni mimba. Bajabulile hakucheka. Alifumbua macho akaomba maji, na Zodwa alipoinama kumnywesha aliona midomo yake. Ilikuwa imepasuka na kukauka, na ulimi umekuwa mweupe, kama wa mtu aliyenyimwa maji siku nyingi. Naye alikuwa ametoka kunywa chai muda ule ule.

Daktari Lindqvist alimpima, akasema wasichana wasije kazini na njaa. Matroni Gertrude Shezi alisema lake. "Mnajibana viuno mfanane na dondora, halafu mnanidondokea kwenye ujia. Legezeni mikanda."

Aliyefuata alikuwa Zodwa mwenyewe, na Zodwa hakuwa na kiuno cha kubana. Alikuwa mwanamke mnene, mama wa watoto watano, asiyejua hata kuumwa kichwa. Alikuwa amebeba birika la maji yaliyochemka. Aliangukia pale pale. Maji yakamwunguza mkono wote wa kulia, na yaliyosalia yakatambaa hadi chini ya godoro la mgonjwa aliyelazwa sakafuni.

"Jamani, leo sisi ndio tutawauguza manesi!" bibi mmoja alipaza sauti kutoka kitandani. Safari hii hakucheka mtu. Walikuwa wakiitazama midomo ya Zodwa.

Baada ya Zodwa, msichana mwanafunzi. Alipozinduka alikuwa amejing'ata ulimi.

Matroni Shezi akawakusanya. Alisema hospitali haina uwezo wa kulisha wagonjwa waliovaa sare. Atakayeanguka tena atarudi kwao, na ataacha kofia mezani. Mtu angedhani walikuwa wakianguka kwa makusudi.

Khombisile ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Mumewe alikuwa amezikwa mgodini kule Johannesburg, na mshahara wake yeye ndio uliokuwa ukimlisha mama yake na watoto wawili. Kwa hiyo alijichunga. Kila zamu alitafuta mtu wa kumchukulia shuka, akatoa visingizio vya mgongo na vya mguu. Wenzake walidhani anaogopa kufukuzwa. Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya hapo, yeye alikuwa akijua ni nani aliyemo mle ndani.

Alikuja kwangu siku ya mapumziko, mchana, nikiwa nakoboa mahindi kivulini. Hakukaa kwenye mkeka niliomtandikia.

"Nimeanguka, Baba Mkubwa," alisema. "Jana. Hakuna aliyeniona."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilisikia kucha." Aliushika mti wa ua kama anayeogopa kuanguka tena. "Kucha kwenye mlango, kwa ndani. Taratibu. Halafu koo likanifunga. Kiu, Baba Mkubwa. Sio hii kiu yetu ya kutoka shambani. Kiu ya mtu aliyefungiwa."

Ndipo akaniambia habari za Nozindaba Magwaza, mke wa marehemu Mthembu, ambaye kwa heshima ya ukoo wa baba yake watu wote walimwita MaMagwaza.

Bibi huyo alikuwa amepasuliwa tumbo, na baada ya kupasuliwa alikatazwa kunywa. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Alilia maji mchana kutwa. Hakulia kwa adabu. Alilaani, alitukana, aliwataja mama zao. Siku hiyo wafadhili wa misheni walikuwa wakitarajiwa kutoka ng'ambo, na Matroni Shezi alitaka wadi iwe kimya. "Msukumeni kwenye chumba cha shuka hadi wageni wapite," alisema. Aliyesukuma kitanda alikuwa Khombisile. Aliyefunga mlango alikuwa Khombisile.

Wageni walikuja. Walisifu usafi. Kisha wakakaribishwa chai barazani, wakanywa, wakaongezewa, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Mlango ulipofunguliwa MaMagwaza hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni nyuma ya mlango, na rangi ya ubao ilikuwa imeingia chini ya kucha zake.

Wakamlaza tena kitandani. Wakakirudisha kitanda dirishani. Mwanawe, Mandlakayise Mthembu, alipofika aliambiwa mama alifia pale pale, usingizini, uso ukiwa umeelekea jua.

Hapo niliielewa ile midomo, na nikaelewa jambo jingine lililonitia baridi zaidi. Kwetu mtu akifia ugenini, maiti kuzikwa nyumbani hakutoshi. Lazima mtoto wake aende na tawi la mkunazi-pori mpaka mahali hasa pumzi ilipokatikia, aliweke hapo, amwite kwa jina lake na kwa sifa za ukoo wake, amwambie, "Twende nyumbani." Kisha hulibeba. Ndani ya basi tawi hukatiwa nauli na kupewa kiti chake. Na anayelibeba haongei na mtu yeyote njia nzima, hata akisalimiwa, hata akitukanwa, hadi alilaze kwenye umsamo, ule upande wa nyuma wa nyumba ya duara ambao ni wa wazee waliotangulia.

Mandlakayise aliyafanya yote hayo. Mbele ya macho ya Khombisile, aliliweka tawi kwenye kitanda cha dirishani.

"Kabla ya MaMagwaza," nilimuuliza, "nani alifia kwenye kitanda kile?"

Aliuachia mti wa ua, akaketi kwenye mkeka.

"Bibi mmoja aliyeokotwa barabarani. Hakuwa na mtu. Hospitali ndiyo iliyomzika."

"Jina lake?"

"Tulimwita Bibi wa Dirishani."

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa Mthembu.

Mandlakayise alitupokea kwa heshima zote. "Myeni!" alinisalimu kwa ukoo wangu, nami nikamjibu kwa jina la sifa la ukoo wake, "Mvelase!" Mkewe, MaNdwandwe, alituletea maziwa mgando. Khombisile hakuyagusa. Alipiga magoti mlangoni akasema yote, bila kupunguza, bila kumtaja Matroni Shezi mpaka alipolazimika.

Mandlakayise alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliyesema kwanza ni mkewe, na alianza kwa kicheko kibaya.

"Si nilikwambia? Mimi si nilikwambia, baba wa watoto? Ukasema nina maneno!" Alinigeukia. "Mbuzi walikataa majani, Myeni. Tawi likilazwa, mbuzi huingia wakalila. Wetu walisimama mlangoni, wakanusa, wakarudi. Na mama mkwe wangu alikuwa mtu wa ugoro. Nimemwekea ugoro umsamo tangu siku ile, haujaguswa. Huyu hataki ugoro." Akashusha sauti. "Huyu anafagia."

"Anafagia?"

"Kila asubuhi nakuta umsamo umefagiwa. Mimi sijafagia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika ufagio tangu nilipoolewa hapa."

Nilitazama kule nyuma. Tawi lilikuwa limechomekwa kwenye nyasi za paa. Chini yake sakafu ya samadi ilikuwa na mistari myembamba ya ufagio, imelala pamoja kama nywele zilizochanwa. Ilikuwa kazi ya mgeni anayeogopa kuambiwa aondoke.

"Basi nilimleta nani?" aliuliza Mandlakayise. Akauliza tena, polepole. "Njia nzima sikuongea na mtu. Nilimbeba kwa mikono miwili. Nani?"

Asubuhi iliyofuata tuliandamana naye hadi hospitali. Alikuwa na tawi jipya. Matroni Shezi alitupinga mlangoni mwa wadi, mikono kiunoni.

"Hapa ni hospitali. Mlishakuja na majani yenu, nikawavumilia. Alifia dirishani, basi."

"Matroni," alisema Khombisile, "alifia kwenye chumba cha shuka. Mimi ndiye niliyemsukuma. Wewe ndiye uliyeniagiza."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini wadi nzima ilisikia. Zodwa Hadebe, mkono ungali kwenye bandeji, alitoka kitandani akasimama. Bajabulile alisimama karibu naye. Matroni Shezi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatoa ufunguo.

Chumba kilikuwa kidogo, cheupe, kinanuka sabuni. Shuka zilipangwa vizuri. Mandlakayise aliufunga mlango nusu ili aone upande wake wa ndani. Ulikuwa umepakwa rangi mpya. Chini kabisa, usawa wa goti la mtu mzima, rangi hiyo ilikuwa imechubuka tena.

Machubuko yalikuwa mabichi. Unga wake ulikuwa sakafuni.

Aliliweka tawi chini. Akamwita. Alimtaja Nozindaba, akamtaja binti wa Magwaza, akataja wazee wake na wazee wa Mthembu waliomwoa. Sauti yake haikutetemeka mpaka mwisho.

"Mama, ni mimi. Twende nyumbani. Maji yapo."

Chumba hakina dirisha. Majani yalitikisika.

Alilinyanyua kwa mikono miwili, na niliona mabega yake yakishuka kama ya aliyepokea mzigo. Akatoka. Ujia ulikuwa umejaa watu, nao wakajibana ukutani. Alipofika mbele ya Matroni Shezi, yule mama alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mvelase," alinong'ona. "Nisamehe."

Mandlakayise hakumjibu. Hakuruhusiwa kumjibu. Aliusubiri mkono ule uachie, akapita. Sijui angesema nini kama mila ingemruhusu, na sidhani kwamba yeye anajua. Wakati mwingine mtu huchelewa kuomba radhi mpaka anaiomba kwa mtu aliyefungwa mdomo.

Matroni Shezi aliteremka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni. Midomo yake ilipasuka tukiiangalia.

"Maji," alisema.

Manesi walikuwa wengi pale. Hakuna aliyejisogeza. Wote walisikia, na wote walisimama. Khombisile ndiye aliyekwenda kwenye mtungi, akachota kikombe, akapiga magoti akamnywesha, akimshika kichwa kama mtoto.

Kuzimia kulikoma siku hiyo. Kabla wiki haijaisha, Matroni Shezi alimwita Khombisile akamwambia avue sare, kwa kuwa nesi aliyefungia mgonjwa hafai kuwa nesi. Daktari Lindqvist alikubaliana naye. Zodwa alilia, Bajabulile alikwenda kumtetea, akaambiwa achague kati ya kazi na mdomo. Khombisile sasa anafua nguo za watu mjini Vryheid. Matroni alistaafu kwa heshima, na picha yake imetundikwa kwenye ujia ule ule.

Wakati wa mavuno nilipita kwa Mthembu. Mbuzi walikuwa wamelila tawi la pili mpaka kwenye mti, na MaNdwandwe alisema ugoro unapungua. La kwanza lilikuwa bado juu kwenye nyasi za paa. Lilikuwa limekatwa mtini tangu kabla ya mvua, na lilikuwa kijani.

"Tumrudishe wapi?" aliniambia Mandlakayise. "Barabarani? Nilimkaribisha mwenyewe."

Niliuliza jina la yule bibi hospitalini, kanisani, hata kwa polisi. Wengine nimewataja katika habari hii; yeye sikupata la kumwitia.

Nililala kwao, na kulipopambazuka MaNdwandwe alinichukua mpaka umsamo bila kuniambia sababu. Sakafu ilikuwa imefagiwa vizuri, mistari ile ile myembamba, kutoka ukutani hadi katikati. Hapo katikati ufagio ulikoma. Upande wa pili haukuguswa.

Upande huo walikuwa wamemwekea MaMagwaza kikombe cha maji. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Na sakafuni, kuanzia ukutani kukielekea, samadi ngumu ilikuwa imechimbwa mikwaruzo minne mirefu ya kucha, iliyoishia pungufu kidogo ya kikombe.

"Kila siku nakisogeza karibu zaidi," alisema MaNdwandwe.