Nota za Umulkheir

Ndugu zangu, nyumba ya Harith kule Wiyoni ilikuwa nyumba ya raha. Baada ya alasiri alirudi kutoka dukani kwake, akaketi na kahawa yake ya tangawizi huku mkewe, Umulkheir, akipiga kinanda cha umeme. Umulkheir alikuwa akichukua muziki wa gemu za kompyuta alizocheza na kaka yake utotoni, akaupanga upya upigike kwa piano, kisha akaandika nota zake na kuziweka mtandaoni bure. Watu wasiomjua walizipakua wakamshukuru. Harith hakuzielewa nota, ila sauti aliipenda.

Kisha mamake Harith akaugua, akaletwa kulala chumba cha pili. Kwa kumhurumia mkwewe, Umulkheir akawa anapiga huku amevaa hedifoni. Sasa Harith alimwona tu akibonyeza kinanda kisicho na sauti, akitabasamu peke yake, mara akishika simu. Mnaona ubaya unavyoingia? Hapakuwa na kosa, palikuwa na kimya tu.

Alasiri moja simu iliachwa mkekani, ikawaka. Harith akasoma: "Ile ya jana imenitoa machozi. Naisubiri sehemu ya pili." Jina lilikuwa la mwanamume.

Alipoulizwa, Umulkheir alijibu bila kubabaika kwamba huyo ni mpiga piano wa Tanga, na kwamba muziki anaoupanga una sehemu mbili. Akamwonyesha karatasi. Harith akaona mistari na vitone, akashuku kuwa hata hayo ni maandishi ya siri. Dukani akamweleza rafiki yake Jeilani, naye akacheka, akasema hajapata kusikia mke wa mtu akishukuriwa na wanaume kwa ajili ya vitone.

Maneno hayo yakamkaa moyoni. Akaanza kurudi nyumbani saa zisizo zake, akivua viatu nje asisikike. Umulkheir akiingia kuoga, yeye aliipekua simu. Alikuta nota na shukrani tu, na kila alipokosa ovu alijiambia kwamba limefutwa.

Mwisho akawatukana wote walioandika, kwa kutumia jina la mkewe. Akafuta nota zote, kazi ya miaka, za mtandaoni na za kwenye kompyuta, na za karatasi akazichana. Kisha akamwita Mahdi, kaka yake Umulkheir, aje kutoka Matondoni amchukue dada yake.

Mahdi aliichukua simu, akasoma jumbe zile za shukrani hadi mwisho. Akachomoa waya wa hedifoni, akabonyeza kinanda kitoe muziki ambao Umulkheir aliurekodi humo mara ya mwisho. Muziki ukajaa nyumba, naye Mahdi akaufuata kwa mluzi, kwani alikuwa akiujua tangu utoto. Kutoka chumba cha pili mgonjwa akauliza kwa nini siku zote hizo walimnyima muziki huo.

"Shemeji," Mahdi alisema, "ni kwa ajili ya muziki huu ulitaka kumwacha dada yangu?"

Harith akamwomba mkewe radhi.

"Ukweli nilikwambia siku ya kwanza, Bwana Harith," alisema Umulkheir. "Sina ndia nyingine ya kukuaminisha."

Hakuondoka, kwa sababu ya mgonjwa. Lakini nota hazikurudi, kwani waliokuwa wamezipakua walikuwa wametukanwa, na yule wa Tanga naye hakuandika tena. Kinanda kimefunikwa shuka. Kila Harith arudipo, kabla hajapewa kahawa, Umulkheir huiweka simu mbele yake, imefunguliwa, kisha hutoka chumbani. Hajaombwa.

Funzo

Dini imetukataza kupelelezana, nasi twaona sababu. Mwenye dhana mbaya haridhiki na ukweli hata akiambiwa, kwa kuwa hakuuliza ili ajue. Usipolielewa jambo la mwenzako, keti naye akufundishe, wala usilipeleke dukani likafasiriwe na wasiomjua. Radhi unaweza kupewa, lakini furaha uliyomfutia mtu huenda usiweze kumrudishia.