Gogo Chini ya Mkia wa Tela

Dereva alikuwa amekufa mikono yake ikiwa bado kwenye usukani. Pikapu ililala ubavu mwishoni mwa mteremko, na tela iliyokuwa ikivutwa nayo ilikuwa imejikunja nyuma yake, magurudumu juu.

"Mwendo kasi, afande," alisema koplo. "Tuandike uzembe wa dereva, tumalize."

"Una haraka kuliko marehemu," alijibu Inspekta. "Wenzake walimwita Taratibu. Jina hilo hupewi kwa kukimbiza gari."

Alichuchumaa kando ya tela na kupapasa kamba. Zilikuwa bado zimekaza, hivyo mzigo haukuhama wakati wa ajali. Nyuma kabisa, chini ya turubai, palifungwa mashine ya kusaga, chuma kitupu. Mbele, karibu na ulimi unaoshikana na gari, palikuwa na magodoro matupu. Barabarani alama za matairi zilikwenda kushoto na kulia, kila mara zikipanuka. Tela iliyoelemewa mkiani huyumba, na ikishayumba mteremkoni hulipeleka gari itakako yenyewe.

Inspekta alisimama, akakung'uta magoti. Hakuwa tayari kuifunga kesi hiyo kwa maneno mawili.

Mjane alimpokea sebuleni, macho yamemvimba.

"Mume wangu alikuwa akiweka vizito juu ya magurudumu, kidogo kuelekea mbele," alisema. "Hata tulipohama nyumba alinigombeza kwa ajili ya kabati. Sasa watu wanapita wakinong'ona kwamba alijiua kwa uzembe. Watoto wanasikia, afande."

"Asubuhi ile alikuwaje?"

"Vizuri. Alikuja na gari kunywa chai, tela akaiacha ghalani. Akacheka, akasema, 'Leo shemeji kaniambia nipumzike, tela atanifungia yeye.' Huyo ni kaka yangu, karani wa lango pale ghalani kazini kwao."

Ghalani, mahali tela ilipokuwa imeegeshwa, Inspekta aliona shimo bichi kwenye udongo. Hatua chache pembeni palikuwa na gogo lenye rangi ya bluu iliyosuguliwa juu yake, bluu ileile ya tela. Alilitazama kwa muda, kisha akaagiza lichukuliwe kama kielelezo na karani apelekwe kituoni.

"Unajua kupakia tela?" alimuuliza.

"Mimi? Mimi mtu wa kalamu, afande. Marehemu alipakia mwenyewe."

"Mashine akaiweka nyuma?"

"Labda alipitiwa. Binadamu."

"Tela ilikuwa haijafungwa kwenye gari. Ukiweka mashine ile mkiani, nini kitatokea?"

Karani aliutazama mlango.

"Nakuuliza wewe."

"Itabinuka."

"Mtu wa kalamu umejuaje?"

Karani alijifuta jasho. Inspekta alisogeza kiti karibu.

"Aliyepitiwa angebinukiwa palepale, mkia chini na ulimi hewani. Aliyepakia hakupitiwa. Aliegemeza mkia kwenye gogo kwanza, akapakia mashine, akaufunga ulimi kwenye gari, ndipo akaling'oa. Taratibu angeushika ulimi kwa mkono mmoja tu, angejua mzigo umekaa vibaya. Ndiyo maana ukamwonea huruma ghafla, ukamfungia wewe."

Karani aliinamisha kichwa mezani. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Kazi ile nilimfundisha mimi. Nilipindua gari mara moja tu, wakanitoa kwenye usukani, wakaniweka langoni. Gari langu akapewa yeye. Kila nikienda kwa dada yangu, sifa ni hizohizo: 'Mume wangu hajawahi kuangusha mzigo.' Anasema huku ananiangalia! Nikataka na yeye aaibike. Iyumbe, asimame, arudi ghalani watu wamwone. Basi."

"Ulimfundisha tela ikishayumba mteremkoni mtu hufanya nini?"

"Nilimfundisha."

"Anaweza kuisimamisha?"

"Mara nyingi hawezi." Akaanza kulia. "Nilijua, afande. Nilijua, na bado nikaivuta turubai nikafunika."

Nje, kwenye benchi, mjane alikuwa ameketi na blanketi mapajani.

"Nimemletea kaka yangu, usiku kuna baridi," alisema. "Mnamshikilia wa nini? Sina ndugu mwingine."

Inspekta aliketi kando yake. Sehemu hii ya kazi aliichukia kuliko maiti zote alizowahi kuziona. Alimweleza yote, bila kuzungukazunguka.

"Kwa hiyo mume wangu hakukosea," alisema mwishowe.

"Hakukosea lolote, mama."

Mjane aliomba kumwona ndugu yake. Karani alipomwona alijivuta hadi kwenye nondo za mahabusu.

"Dada, nisamehe. Sikutaka afe."

"Tangu siku ile silali, nawaza mume wangu alikosea wapi," alisema mjane. "Na wewe ulikuwa sebuleni kwangu, unapokea pole za watu."

Alilikunja blanketi kifuani, akatoka nalo.